Klorini kwenye Ufuko wa Kivu

Wakazi wa mtaa wa Mapendo, mjini Goma, wanapokosa maji ya bomba huchota ya Ziwa Kivu, ingawa mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipofurika mjini humo, kipindupindu kilichoenezwa na maji hayo kiliua maelfu ya watu. Ndiyo maana wahudumu wa kujitolea husimama ufukweni wakitia klorini, dawa ya kuua vijidudu, kwa bomba la sindano katika kila bidoni la lita 20, na mchotaji husubiri dakika 30 kabla ya kunywa.

Kipimo cha kujua kama dawa imetosha ni chepesi: kidonge huyeyushwa katika kichupa cha maji, na rangi ya waridi inayotokea hulinganishwa na kadi ili kukadiria klorini iliyobaki, ambayo Shirika la Afya Duniani hutaka isipungue miligramu 0.5 kwa lita, mradi pH, yaani kipimo cha uchachu na ualkali, iwe chini ya 8. Maji ya juu ya Kivu hukaribia 9, kiwango kinachoipunguzia klorini makali, kwa hiyo rangi ya waridi hafifu haipaswi kumridhisha mpimaji. Maji yaliyotibuka baada ya mvua hula dawa zaidi. Hayo ni heri yaachwe yatulie kwanza.