Mti wa Fidla

Ubao wa mbele wa fidla, ule wenye matundu mawili yaliyopinda, aghalabu ni wa msprusi. Fidla zinazolia katika taarab ya Unguja haziko mbali na kawaida hiyo, ingawa mti wenyewe ni wa nchi za baridi. Msitu wake mashuhuri ni Paneveggio, katika milima ya Trentino, kaskazini mwa Italia. Husimuliwa kwamba Antonio Stradivari, fundi wa Cremona aliyefariki mwaka 1737, alipata mbao zake huko.

Mgeni akiingia Paneveggio huona kijani kitupu. Majina nayo humpoteza: Waitalia huuita msprusi abete rosso, "mwekundu", na jirani yake abete bianco, "mweupe", kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Ni jamaa tu, na vidole huwatenganisha upesi kuliko macho.

Jani la msprusi, jembamba kama sindano, lina pembe nne, hivyo likishikwa kati ya kidole gumba na cha shahada huviringika. La abete bianco ni bapa, halikubali; likigeuzwa, chini lina mistari miwili myeupe. Kitawi kikavu hutoa ushahidi zaidi. Cha msprusi hukwaruza kiganja kama tupa, maana kila jani likianguka huacha kikonyo kigumu. Cha mwenzake ni laini. Koni za msprusi huning'inia, kisha huanguka nzima. Za abete bianco husimama wima na kupukutikia juu kwa juu.

Anayeijua misonobari ya Sao Hill, Mufindi, hababaiki hata kidogo: majani ya msonobari hutoka kwa vifungu, ya msprusi moja moja.

Baridi ndiyo inayozipa mbao za msprusi sauti. Msimu wa kukua ni mfupi, pete za mwaka hubanana, na ubao huwa mwepesi lakini mgumu.

Mizizi ya msprusi, hata hivyo, haizami sana. Mwishoni mwa Oktoba 2018 dhoruba iliyoitwa Vaia iliangusha mamilioni ya miti kaskazini mashariki mwa Italia, na Paneveggio haikusalimika. Kisha mbawakawa wa gome, mdudu wa milimita 5 hivi, akazaliana kwenye magogo yaliyolala na kuivamia miti iliyosimama. Sasa watu wa misitu hukagua mashina kwa karibu. Wakikuta unga wa kahawia, mfano wa kahawa iliyosagwa, umekwama kwenye magamba ya gome, wanajua mdudu yumo, hata kama kileleni mti bado ni kijani.