Paka Ndani ya Gemu: Mzaha Unaoanika Kanuni

Katika Resident Evil, gemu ya kutisha iliyotolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwaka 1996, mtu akishatafunwa na zombi hahitaji daktari. Anachuma mmea wa kijani uliopandwa kwenye chungu pembeni mwa ukumbi, anautumia, na afya inarudi. Akiuchanganya na mwekundu, anapona kabisa. Mwenye pedi mkononi haoni ajabu yoyote. Ameshazoea, na akili yake iko kwenye mlango unaofuata. Anayeshangaa ni ndugu yake anayepita nyuma ya kochi akielekea jikoni: hilo jani gani linaloziba shingo iliyotafunwa?

Katuni za kudhihaki gemu zinaishi kwa swali hilo. Zinamchukua mchezaji aliyezama na kumsimamisha kwa dakika moja mahali pa yule mpita njia, aone upya mambo aliyokwisha kuyakubali bila kuhoji. Wengi huziona kuwa porojo za vijana waliokosa kazi. Mimi nazihesabu kuwa uhakiki wa kiufundi, kwa sababu karibu kila mzaha mzuri uliomo, ukiufuata hadi kwenye mzizi, unakufikisha kwa mhandisi au mbunifu aliyelazimika kuamua jambo.

Mfano mzuri ni VG Cats ya Scott Ramsoomair, mchoraji wa Kanada, iliyoanza kutoka mtandaoni Septemba 2001. Wahusika wake wakuu ni paka wawili wanaotembea kwa miguu miwili. Leo ni dume, mwepesi wa kuamini na mzito wa kuelewa. Aeris ni jike, akili kali, subira haba. Ukurasa mmoja unawakuta wakigombana juu ya gemu mpya. Mwingine unawakuta ndani ya gemu yenyewe, wamevalia mavazi ya mashujaa wake, wakitumia akili za kawaida mahali ambapo gemu inataka utii, au wakitii mahali ambapo hata gemu isingetarajia.

Katuni hiyo haikuzaliwa peke yake. Mwaka 1998, huko Marekani, zilianza PvP ya Scott Kurtz na Penny Arcade ya Jerry Holkins na Mike Krahulik. Mwaka 2000 ikafuata Bob and George, iliyojaza visanduku vyake kwa vijipicha vilivyochotwa moja kwa moja kutoka gemu za Mega Man. Mwaka 2001 Brian Clevinger akaanzisha 8-Bit Theater kwa kutumia vijipicha vya Final Fantasy ya kwanza, ya mwaka 1987, na hakuimaliza hadi 2010. Kwa nini miaka ile? Watoto waliokua na mashine za Nintendo katika miaka ya 1980 walikuwa wamefika vyuoni na makazini, wana kompyuta na intaneti. Mhariri wa gazeti asingechapisha kichekesho kinachomtaka msomaji awe anamjua Mega Man; angewakera wasomaji wengi ili awafurahishe wachache. Mtandao uligeuza hesabu hiyo. Wale wachache wa kila mji walikusanyika mahali pamoja, na wakatosha kumlisha mchoraji kwa matangazo na fulana.

Kanuni zinazochekwa zina asili tatu, na kuzitofautisha kunasaidia kujua mzaha umelenga wapi.

Asili ya kwanza ni udogo wa mashine. Mario alipotokea mara ya kwanza katika Donkey Kong mwaka 1981, mbunifu wake, Shigeru Miyamoto, alimvika kofia na kumwekea masharubu kwa sababu nukta za kumchorea zilikuwa chache mno: kofia iliondoa kazi ya kuchora nywele, na masharubu yakaondoa haja ya mdomo. Katika Super Mario Bros. ya 1985, iliyotoshea ndani ya kilobaiti 40, mawingu ya angani na vichaka vya ardhini ni umbo lilelile lililobadilishwa rangi. Katika Space Invaders ya 1978, kadiri wavamizi wanavyopungua ndivyo wanavyozidi kasi, kwa kuwa mashine imebakiwa na vitu vichache vya kuchora. Mbunifu wake, Tomohiro Nishikado, aliiona hali hiyo na akaiacha kwa sababu ilinogesha mchezo. Na ile milango ya Resident Evil inayofunguka polepole gizani, ikimtia mchezaji kiwewe? Nyuma yake mashine ilikuwa inasoma chumba kinachofuata kutoka kwenye diski. Mchoraji akimwonyesha shujaa amekunja mikono, anatazama saa, akisubiri mlango umalize kufunguka, anachekea kasi ya diski, hata kama mwenyewe hajui.

Asili ya pili ni haja ya kumwongoza mchezaji. Pokémon za kwanza, zilizotoka Japani mwaka 1996 kwa ajili ya Game Boy, zina viumbe 151, miongoni mwao wenye kutema moto na wenye kutikisa ardhi. Hata hivyo mtoto anayewamiliki anazuiwa na kijiti kilichoota katikati ya njia, hadi apate mbinu maalumu ya kukikata. Kijiti kipo kwa sababu mbunifu hataki mchezaji afike upande wa pili kabla ya wakati wake. Ndivyo ilivyo katika The Legend of Zelda pia. Link, mwokozi wa nchi ya Hyrule, anaingia majumbani bila hodi, anavunja mitungi, anazoa fedha iliyomo, na mwenye nyumba anaendelea kuzungumza naye kama mgeni mwema. Kwa mbunifu, mitungi ni zawadi zilizotawanywa ili mchezaji apende kupekua kila pembe. Kwa raia wa Hyrule, huo ni wizi wa mchana kweupe.

Asili ya tatu ndiyo yenye utamu kuliko zote: pale hadithi na mchezo vinapokanushana. Katika Final Fantasy VII ya mwaka 1997, Aeris, binti muuza maua, anauawa kwa upanga wa adui, Sephiroth, mwishoni mwa diski ya kwanza kati ya tatu. Ni kimojawapo cha vifo vilivyoliliwa sana katika historia ya gemu. Lakini kwa saa nyingi kabla ya hapo mchezaji amekuwa akiwainua wenzake walioanguka vitani kwa Phoenix Down, unyoya unaouzwa dukani kama bidhaa nyingine yoyote. Unyoya huo haumwamshi Aeris. Hakuna kosa la programu hapo. Mapigano yana sheria zake na masimulizi yana zake, na siku hiyo zilikutana uso kwa uso. Mwaka 2007 Clint Hocking, mbunifu wa gemu, alipokuwa akihakiki BioShock aliupa mgongano kati ya hadithi na mchezo jina la kitaalamu, na mjadala ukaingia vyuoni. Wachoraji wa katuni walikuwa wameshauchezea kwa miaka. Paka wa Ramsoomair ana jina lilelile la marehemu huyo, kwa hiyo aliyecheza gemu ile hufika kwenye kisanduku cha kwanza tayari ana donda linalowasha.

Mzaha wenyewe unajengwaje? Tubuni katuni moja ya visanduku vinne. Katika cha kwanza, Leo amevaa kofia ya mtoto wa Pokémon. Nyuma yake joka linatema moto, mbele yake kijiti kimemfika magotini. Katika cha pili, Aeris anamuuliza kwa nini asikiruke. Kisanduku cha tatu kinarudia picha ileile bila neno, wote wawili wanakitazama kijiti. Katika cha nne Leo amepiga hema, ameanika nguo, na kalenda imetundikwa kwenye kijiti chenyewe.

Kisanduku cha kwanza kimeweka kanuni mbele ya macho bila kuieleza. Cha pili kimeingiza akili ya kawaida. Cha tatu kinaonekana hakina kazi, lakini ukikiondoa kicheko kinakufa, kwa sababu katika katuni muda hupimwa kwa nafasi: kila kisanduku ambamo hakuna kinachotokea ni sekunde ambazo msomaji anazijaza mwenyewe. Cha nne ndicho kinachofundisha zaidi. Leo hakuivunja kanuni. Ameitii mpaka mwisho wake, na huko mwisho ndiko upuuzi wake ulikokuwa umejificha. Katuni dhaifu hukimbilia kumfanya mhusika apige kelele kwamba gemu hii haina maana. Katuni nzuri humwacha aishi ndani ya hiyo maana.

Sasa, kwa nini paka? Jibu linalotolewa mara nyingi linatokana na Scott McCloud, aliyeeleza katika kitabu chake Understanding Comics cha mwaka 1993 kwamba kadiri uso unavyorahisishwa ndivyo msomaji anavyoweza kujiona ndani yake. Ni kweli, lakini hoja hiyo ingemtosha hata mtu aliyechorwa kwa duara na mistari mitano. Sababu yenye nguvu zaidi ni ya mavazi. Mchore kijana kwa kanzu ya kijani, kofia yenye ncha na upanga, na msomaji ataona Link. Kijana wako amepotea. Mvike Leo mavazi hayohayo, na masikio yake yatatokeza, mkia utachungulia nyuma. Msomaji anaona vitu viwili kwa wakati mmoja: Link, na Leo anayejifanya Link. Dhihaka ya kuigiza haiwezi kuishi bila kuonekana kwa wote wawili, mwigwa na mwigaji.

Tena mnyama hufika akiwa na tabia yake mkononi. Aliyelelewa na hadithi za Sungura na Fisi anaijua faida hiyo: msimulizi akitaja majina tu, hadhira imeshajua nani ataponzwa na tamaa na nani atatoroka kwa ujanja, na hadithi inaanza kukimbia tangu sentensi ya kwanza. Mchoraji mwenye visanduku vinne hana nafasi ya kumtambulisha mtu. Leo na Aeris wanahamia gemu mpya kila toleo, mara kwenye vita vya anga, mara kwenye nyumba ya mazombi, na tabia zao hazihitaji kuelezwa upya.

Ushahidi wa hoja hii uko kwa Ramsoomair mwenyewe. Alipochora Super Effective, katuni nyingine inayodhihaki Pokémon peke yake, paka aliwaweka kando na kumtumia mtoto wa gemu ile, kwa umbo la binadamu. Alikuwa anakaa katika gemu moja kuanzia mwanzo wa safari. Hapakuwa na mavazi ya kubadilisha, kwa hiyo hapakuwa na haja ya mkia unaochungulia.

Wanyama walikuwa pia wameshaenea katika gemu zenyewe. Sega ilimpata Sonic, nungunungu mdogo wa buluu, mwaka 1991. Nintendo ikatoa Star Fox yenye rubani mbweha mwaka 1993. Mwaka 1996 PlayStation ikampata Crash Bandicoot. Kampuni zilitaka nembo ya kuuza mashine, yaani mnyama mwerevu na shupavu asiyechoka. Kuweka paka mvivu na mwenye hasira mahali pa nembo hizo ni dhihaka hata kabla ya neno la kwanza kusemwa.

Ubaya wa sanaa hii ni kwamba inachacha upesi. Mzaha unaotegemea gemu iliyovuma kwa msimu mmoja unahitaji maelezo msimu unaofuata, na mzaha unaoelezwa umekwisha. Zaidi ya hapo, wachoraji wengi hutosheka na kutaja: wanachora masharubu ya Mario, msomaji anayatambua, anacheka kwa furaha ya kutambua, na kanuni inabaki pale ilipokuwa. Kipimo changu ni chepesi. Muulize aliyecheka ni kanuni gani imeanikwa. Akikutajia kanuni, katuni ni nzuri. Akikutajia jina la gemu tu, ameonyeshwa nembo.

Kuna pia suala la umiliki, maana wahusika hawa ni mali ya makampuni. Nchini Marekani, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1994, katika kesi ya wimbo kati ya Campbell na Acuff-Rose, kwamba mwigo wa dhihaka unaweza kuhesabiwa matumizi ya haki hata ukiwa wa kibiashara. Kanada, nyumbani kwa Ramsoomair, iliingiza dhihaka na kejeli katika sheria yake ya hakimiliki mwaka 2012. Ulinzi huo una mipaka. Mwaka 2003 Penny Arcade waliondoa katuni yao iliyomtumia mwanasesere Strawberry Shortcake baada ya kuandikiwa barua na mawakili wa kampuni iliyommiliki, American Greetings. Walikuwa wakimdhihaki mbunifu wa gemu, huku wakiazima mwanasesere wa mtu mwingine. Katuni inayoianika kanuni ya kitu kilekile inachokiazima inasimama mahali imara zaidi, kisheria na kisanaa.

Hata hivyo ipo kanuni moja ambayo katuni hizi haziigusi. Leo analipuliwa, anachomwa, anapigwa na Aeris hadi hatambuliki, na katika toleo linalofuata yupo mzima, wala hakuna anayeuliza. Hiyo ndiyo kanuni kongwe ya gemu: ukifa, unaanza tena. Mchekeshaji aliyezianika nyingine zote anaiazima hii kimyakimya, kwa kuwa akiihoji hana mhusika wa wiki ijayo. Simlaumu. Kila anayesimulia ana jambo moja ambalo anawaomba wasikilizaji wasiliulize, na ufundi wa dhihaka uko katika kuchagua lipi liulizwe na lipi liachwe lishikilie paa.