Siku tatu bila umeme



Ninyi munaoishi Butembo na Beni munajua sauti ya grupe ya umeme usiku. Inapozimika, mwenye duka anafunga mulango, mwanafunzi anatafuta mushumaa ao anaenda kulala. Lakini kama mugonjwa anangoja operasio, afanye nini?

Swali hilo lilimupata musichana mumoja wa Kongo, Sandrine Mubenga, alipokuwa na miaka 17. Alikuwa Kikwit, na tumbo likamushika kwa nguvu: apandisiti! Operasio ilihitajiwa upesi. Lakini hospitali haikuwa na umeme. Akangoja siku tatu, watu wakitafuta mafuta ya kuwasha grupe. Munajua hatari yake: apandisiti ikipasuka ndani ya tumbo, inaweza kuua. Kwa bahati, alipasuliwa, akapona.

Wengi wetu tukisha kupona, tunashukuru na tunasahau. Yeye hakusahau. Alisema moyoni: nitajifunza umeme.

Alienda kusoma Marekani, katika Iniversite ya Toledo, jimbo la Ohio. Mwaka 2005 alipata diploma yake ya kwanza ya injenieri wa umeme, na mwaka 2008 ile ya pili. Katika masomo hayo alitengeneza gari linalotembea kwa nguvu ya hidrojeni. Mwaka 2011 alianzisha kompanyi, SMIN Power Group, ya kazi ya umeme wa jua. Kisha akarudia vitabu, na mwaka 2017 akawa dokta. Hesabuni, vijana: tangu diploma ya kwanza ni miaka 12! Baadaye akawa profesa katika iniversite ileile, akifundisha wengine.

Alitafuta nini katika masomo yake? Batri kubwa, kama ile ya gari la umeme ao ya satelite, si kitu kimoja. Ni vibatri vingi vilivyofungwa kwa mustari. Navyo havina nguvu sawasawa. Fikiri vijana wanaopandisha udongo kutoka shimoni, wakipokezana mufuko mukono kwa mukono. Mumoja akichoka, mustari wote unasimama, hata kama wengine wako na nguvu bado. Ndivyo ilivyo kwa batri: kibatri zaifu kikiisha, kazi yote inasimama.

Kulikuwa njia mbili za kuvisawanisha. Ya kwanza ni ya bei ndogo: kibatri kilichojaa kupita wengine kinapunguzwa, na nguvu yake inapotea bure kuwa joto. Ya pili inatoa nguvu kwa wenye nayo na kuipeleka kwa wenye kupungukiwa. Hiyo ni nzuri, lakini ni ya bei kali. Mubenga na wenzake walizichanganya. Waligawa vibatri kwa vikundi: ndani ya kila kikundi njia ya bei ndogo, na kati ya kikundi na kikundi ile ya bei kali. Hivi batri inafanya kazi vizuri zaidi, na gharama haipandi sana. Walitangaza kazi hiyo mwaka 2017.

Na hapa habari inatugusa sisi watu wa migodi. Batri nyingi za namna hiyo zinahitaji kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka katika inchi yetu, upande wa Lualaba na Haut-Katanga. Kwetu Kivu, koltani inatoa tantali inayoingia ndani ya simu. Mawe yanaondoka kwa kilo, yanarudi yakiwa simu na batri, kwa bei nyingine kabisa. Kati ya jiwe na batri kuna nini? Kuna masomo ya watu.

Kijana anayeacha kalasi kwa sababu ya shimo anapata pesa leo, ni kweli, na nyumbani njaa haingoji. Lakini shimo linaisha. Kile unachokijua hakiishi, hata ukikigawa.

Mubenga naye anagawa. Mwaka 2018 alianzisha STEM DRC Initiative, inayosaidia vijana wa Kongo kwa bursi za masomo ya sayansi. Mwaka 2020 Rais wa Jamhuri alimuteua kuongoza ARE, ofisi ya serikali inayosimamia mambo ya umeme, iliyotokana na sheria ya mwaka 2014. Yule aliyengoja umeme siku tatu akaitwa kuulizwa: umeme wa wote utapatikana namna gani?

Ninyi wazazi, binti akipenda hesabu, musimwambie kama hesabu ni ya wavulana. Na ninyi vijana, shida inayowatesa musiilalamikie tu. Muiandike katika daftari kama swali. Leo usiku grupe ikizimika, uliza: sababu gani? Kuna profesa mumoja aliyeanzia hapo.