Rovu na Mapigo ya Moyo



Mwenye mikono inayotetemeka hapandi mkarafuu kwa salama. Lakini si kila kutetemeka ni uchovu, wala si kila moyo uendao mbio una hofu. Pengine sababu ni tezi iliyo mbele ya koo, ambayo ikivimba twaiita rovu.

Tezi hii hutumia madini joto kutengeneza homoni inayoongoza kasi ya kazi za mwili. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Homoni ikizidi, waweza kupita 100 hata mtu akiwa amelala. Tena moyo huitikia kupita kiasi mishipa ya fahamu, ile itushtuayo wakati wa hatari. Ndipo mgonjwa hutetemeka vidole, hutoka jasho, hula sana na bado hukonda, hukosa usingizi na huwa mwepesi wa hasira. Jamaa wasidhani ni shetani au tabia mbaya.

Hatari kubwa ni vyumba vya juu vya moyo kuacha kupiga kwa mpango, vikabaki vikitikisika tu. Damu hutuama humo na kuganda, na donge likifika kichwani huleta kiharusi.

Wenye jamaa bara, kama Mkoa wa Singida ulio mbali na bahari, wajue jambo hili. Maziwa ya Singidani na Kindai yana maji ya chumvi, lakini ukali wa chumvi si dalili ya madini joto; lazima yatiwe. Mtu akikosa madini hayo miaka mingi, tezi hukua na kufanya mafundo. Akiyapata ghafla, mafundo hayo huweza kutoa homoni kupita kiasi. Madaktari waliyaona hayo Kivu na Zimbabwe katika miaka ya 1990. Hata hivyo msiache chumvi yenye madini joto, kwani faida yake ni kubwa zaidi. Nasi wa visiwani tusijivunie samaki: uchunguzi umeonyesha upungufu Unguja na Pemba pia.

Shika kifundo cha mkono, uhesabu mapigo dakika nzima ukiwa umepumzika. Yakizidi 100 kila mara, au yakienda ovyo ovyo, nenda hospitali ukapimwe damu. Dawa zipo, za kupunguza homoni na za kutuliza moyo. Mpaka daktari aseme, usipande mti. Kazi ya chini, kama kuchambua na kuanika, yatosha.