Chumvi ikiingia kifuani: Mzazi wa mtoto mwenye pumu ajue nini?

Wakati wa masika, anayepika Dar es Salaam, Tanga au Mombasa anaijua kero ya chumvi. Anafungua kopo asubuhi na kukuta chumvi imelowa na kushikana. Wengine huchanganya na punje za mchele ili isigande. Ndugu yake aliyeko Dodoma wakati wa kiangazi hana shida hiyo. Chumvi ni ile ile, kinachotofautiana ni unyevu wa hewa.

Mpenzi msomaji, leo tuitazame chumvi hiyo inapokuwa hewani na inapoingia kifuani. Nina sababu. Wazazi wa watoto wenye pumu huniuliza mara kwa mara: “Daktari, nikimpeleka akae karibu na bahari atapona? Nimfukize kwa maji ya chumvi?” Wengine wanakuwa wameshaanza, na dawa wameiweka kando.

Mawimbi yanapopasuka, matone madogo sana ya maji ya bahari hurushwa hewani. Hewa ikiwa kavu, maji hukauka na kubaki chembe ya chumvi isiyoonekana kwa macho. Unyevu wa hewa ukipanda hadi kufika karibu asilimia 75, chembe hiyo hunywa maji kutoka hewani na ghafla huyeyuka kuwa tone. Ikishayeyuka haikauki kirahisi. Unyevu unaweza kushuka hadi karibu asilimia 45 ndipo tone ligeuke tena kuwa chembe kavu.

Sasa fikiria njia za hewa za mwanadamu. Humo unyevu ni zaidi ya asilimia 99, siku zote, uwe Zanzibar au Singida. Kwa hiyo chembe ya chumvi iliyoingia kavu huanza kunywa maji mara moja na kuvimba. Ikipata muda wa kutosha, upana wake unaweza kufika karibu mara sita ya ule wa mwanzo. Hunywa mpaka chumvi yake ilingane na ya majimaji ya mwili, yaani karibu asilimia 0.9, sawa na gramu 9 katika lita moja ya maji.

Jambo hili lina maana mbili kwa mtoto wako.

Kwanza, ukubwa ndio huamua chembe itatua wapi. Kubwa hunaswa puani na kooni. Ndogo, za kati ya elfu moja na elfu tano ya milimita, ndizo hufika ndani zaidi kwenye mapafu. Chumvi nyingi ya upepo wa bahari huwa katika matone makubwa, na sehemu yake kubwa huishia puani. Mtoto anaweza kujisikia pua imefunguka akiwa ufukweni, na hilo si baya. Lakini pumu ni uvimbe wa njia za hewa zilizo ndani, na upepo wa bahari hautibu uvimbe huo. Watoto wa pwani nao wanaugua pumu.

Pili, maji yenye chumvi kali yakitua ndani ya njia za hewa huvuta maji kutoka kwenye ukuta wake. Kwa mtu mwenye pumu hali hiyo inaweza kuamsha kikohozi na kukaza misuli ya njia za hewa, kifua kikabana. Hospitali hutumia maji ya chumvi kali kwa makusudi, kwa mfano kumsaidia mtoto anayechunguzwa kifua kikuu atoe makohozi. Hapo hupewa kwanza dawa ya kutanua njia za hewa, na mhudumu anakaa naye akimwangalia. Nyumbani hakuna ulinzi huo. Usitie kwenye nebulaiza maji ya chumvi uliyochanganya mwenyewe, wala maji ya bahari.

Na kufukiza? Ukichemsha maji ya chumvi, mvuke hupanda na chumvi hubaki sufuriani. Mtoto anavuta mvuke mtupu wa moto, na sufuria ikipinduka anaungua. Kwa pua iliyoziba, tumia matone ya maji ya chumvi ya asilimia 0.9 yanayouzwa famasi. Hayo yanalingana na mwili, hivyo hayamchomi.

Unyevu unaolowesha chumvi jikoni huharibu pia inhela za unga. Unga ukipata unyevu hushikana, na mtoto hapati dozi yake kamili. Usiziweke bafuni wala karibu na jiko. Funga kifuniko kila baada ya kutumia, na mwelekeze mtoto asipulize pumzi ndani yake, kwa sababu pumzi inayotoka ina unyevu mwingi. Kama ni ya vidonge vya unga, toa kidonge kwenye pakiti wakati wa kutumia tu.

Mtoto aliyeandikiwa inhela ya kuzuia pumu aitumie kila siku, hata wiki anayoonekana mzima. Kwenda ufukweni anaruhusiwa, ila inhela ya kutanua njia za hewa iwe kwenye mkoba.

Mpeleke hospitali haraka ukiona mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi, anashindwa kumaliza sentensi au kunyonya, midomo inabadilika rangi kuwa ya bluu, au inhela haimpi nafuu. Endelea kumpa inhela yake ya kutanua mkiwa njiani. Usipoteze muda kuchemsha maji.