Panya Anavyokumbuka Chambo chenye Sumu

Panya aliyeonja chambo chenye sumu, akaugua lakini asife, hakirudii tena. Wenye maghala humwita mjanja. Wataalamu huuliza ujanja huo umehifadhiwa wapi katika ubongo.

Mwaka 1955 John Garcia na wenzake, huko Marekani, waliwapa panya maji yenye sakarini huku wakiwapiga mionzi ya gama. Baadaye panya hao waliyaepuka maji matamu. La ajabu ni kwamba fundisho moja hutosha, hata maradhi yakichelewa kwa saa kadhaa.

Habari za ladha na za ugonjwa hufika kwanza katika shina la ubongo. Humo mna kiini cha parabrakia. Kikiharibiwa, panya bado huweza kutofautisha ladha, lakini hawezi kuihusisha na maradhi. Hata hivyo, shina pekee halitoshi. Mwaka 1978 Grill na Norgren walieleza habari za panya ambao shina lao lilitenganishwa na ubongo wa mbele: waliposhiba waliacha kula kama kawaida, ila hawakujifunza kukikataa kitu kitamu kilichowaugulisha. Juu ya shina huhitajika, miongoni mwa sehemu nyingine, gamba la insula. Dawa ya kuzuia utengenezaji wa protini ikitiwa humo panya anapoonja ladha ngeni, fundisho halishiki.

Sumu ya warfarini huukwepa ulinzi huu wote. Madhara yake huchukua siku kadhaa kujitokeza, na kufikia hapo panya amekwisha kula mara nyingi bila kushuku kitu.