Mkomamanga Uani

Ua mdogo wa Kinondoni au Temeke hautoshi mwembe wala mkrismasi, kwani miti hiyo hutanda mpaka juu ya paa. Lakini mkomamanga, ulioanzia Uajemi na nchi za jirani yake, ni mti wa kadiri. Maua yake ni mekundu kama moto, na tunda lake laliwa.

Masika yakikaribia, mwezi wa Machi, kata kipande cha tawi lililokomaa, unene wa kalamu ya risasi, urefu wa inchi 9. Kichomeke katika kopo la udongo lililotobolewa chini, theluthi moja ibaki juu, ukaliweke kivulini. Vuli ikianza, chimba shimo la futi 2 penye jua, uchanganye udongo na samadi iliyooza, kwa maana mchanga wetu haushiki maji. Kisha tandaza majani makavu kulizunguka shina, yasiliguse.

Wakati wa kiangazi, mpe mgeni wako ndoo nzima mara mbili kwa juma. Maji kidogo ya kila siku huishia juu juu. Mti ukubwani ukikaa na kiu, kisha ukanyweshwa ghafula, matunda hupasuka.

Huenda majani yakapukutika. Usiung'oe! Kwaruza gome kwa ukucha: ukiona kijani, mti u hai. Machipukizi ya shinani yakate, ukangoje. Matunda huja baada ya miaka 2 au 3, na asiye na subira hujinyima mwenyewe.